Farasi Yenye Ilisimama Sawa Mutu

Metrese alikuwa anatapika mbele ya kupanda farasi. Naanza na ile, juu watu wa mutaa wa Muhumba wanapenda kusema eti ule mwanamuke hakuogopaka kitu. Mimi nilimuona. Asubui, akishatoka misa, alikuwa anainama ku mufereji nyuma ya nyumba ya farasi, anatapika chai yote, anajifuta na kitambaa, anafanya alama ya musalaba. Kisha anarudia mu kiwanja na uso ya mutu mwenye anakuja kukutukana. Na kweli, wa kwanza kumukuta njo alitukanwa.

Jina yake sitaiandika. Angali na nyumba yake hapa Bukavu, na ku Bukavu ya leo jina ya mutu muzuri haiandikwe ovyo. Tulimuita tu Metrese, sawa vile watoto wa primeri wanaitaka mwalimu wao mwanamuke, sababu alifundisha watoto wa watu wa biro, wakubwa wa ofisi, kupanda farasi. Majina ya wakosaji, ile nitaandika. Mimi nilifika tu ya tatu ya primeri, lakini majina mbili kalamu yangu inaweza.

Kulikuwa farasi moja dume, rangi ya kahawa, iliitwa Polepole. Ilinivunja mufupa wa kiuno. Gilbert alitaka iuawe. Metrese alitaka iishi, na kusudi iishi alitaka mutu wa kushika kamba yake, na ule mutu ni mimi. Yote nitasema hapa inaelekea ku ile kamba.

Kwetu, ku Bashi, mutu anazaliwa anajua ngombe. Ngombe ikikataa kutembea, unashika pembe, unakunja shingo, unakandamiza kichwa chini mpaka itulie. Ukishika kichwa umeshika ngombe yote. Njo vile tulifika kwa Metrese sisi wote, watu wa Walungu na wa Mumosho, na ile akili ya ngombe mu mikono. Farasi ikianza kupanda, sisi wawili watatu tunaruka, tunaning'inia ku kamba. Na farasi inapanda zaidi. Tukaiita kusimama mutu, juu inasimama ku miguu ya nyuma sawa mutu mwenye anataka kukuambia kitu.

Metrese alitukuta siku moja tumening'inia vile. Hakupiga kelele. Alivua kiatu, akamutupia Déo, chef yetu wa kazi, ikamupata ku sikio. Kisha akatusimamisha wote ku ukuta kama watoto.

"Kamata huyu kichwa," akaniambia, akanionyesha Déo. "Kamata nguvu. Mwengine asimame mbele yake. Mwengine amupige matako. Haya, Déo, uende wapi?"

Déo akasema hana pa kuenda.

"Na juu je, si inabaki?"

Déo akainua macho juu. Watu wakaanza kucheka, na yeye pia Metrese akacheka kidogo, kitu chenye kilitutisha kuliko kiatu. Akasema: "Mukishika kichwa ya farasi, munaibakishia njia ya mbinguni tu. Na ikishafika kule juu, itarudia na mutu."

Ile neno ya mwisho aliisema akiangalia mimi, ao labda ni mimi najidanganya, juu ya vile ilikuja kuwa.

Sauti yake ilikuwa na luga tatu na kila moja na kazi yake. Na wazazi wa watoto, Kifaransa. Na sisi, Kiswahili, na matusi ndani. Na farasi, Mashi, polepole, sawa mutu anazungumuza na mama yake mugonjwa. Siku moja nilimuuliza juu ya nini farasi zenye zilitoka inchi za mbali anazisemesha Mashi. Akasema ni luga yenye hajawahi kudanganya nayo. Nilikuwa na hasira ile siku, maana sisi hakutusemesha Mashi hata mara moja, na Mashi ilikuwa yetu sisi pia.

Alikuwa mutu wa kukasirisha, acha niseme wazi. Hakukula na sisi. Chai tulikunywa tumesimama. Ukichelewa sababu mvua ilibomoa njia, anasema mvua ilinyeshea hata yeye. Lakini wakati bibi yangu alizaa vibaya, ni yeye alimubeba mu mukokoteni wa majani mpaka ku barabara, nywele zake zote zimelowana, anatukana kila mwenye motokari mwenye hakusimama. Motari, yaani mutu wa moto, pikipiki ya kubeba watu, alisimama. Metrese akamupandisha bibi yangu, yeye akafuata kwa miguu anakimbia. Hakupandaka moto, hata siku moja. Alisema kitu chenye hakina akili kisimubebe. Mwanamuke mwenye alipanda farasi za kusimama mutu, anaogopa moto ya kwenda Kadutu. Tulimucheka sana juu ya ile, nyuma yake.

Vile alikuwa anatengeneza farasi ya kusimama mutu, ninaijua kichwani, sababu alituimbisha sawa katekisimu. Kwanza unatafuta kwenye inauma. Farasi haisimame juu ya kiburi, alisema, kiburi ni ya watu. Unaingiza mukono mu kinywa, unapapasa meno. Unapitisha vidole ku mugongo, chini ya kiti ya kupandia, unaangalia ngozi yenye inaruka. Ukishakosa uchungu, unatafuta woga. Ukikosa woga, unatafuta mutu mwenye aliifundisha. Maana iko farasi zenye zinafundishwa: ilisimama mara ya kwanza, mwenye kuipanda akaogopa, akashuka, na farasi ikajua kama kusimama kunashusha watu.

Kisha unaifundisha kutembeza miguu ya nyuma. Kila siku. Unasimama pembeni, ku bega, hapana mbele, na kamba mulefu. Unagusa mbavu na kidole, unangoja mpaka muguu wa nyuma uvuke mwenzake. Kuume, kushoto. Kazi ya kusinzisha. Farasi yenye miguu yake ya nyuma iko inatembea haiwezi kuisimamia. Na kama imesha kupanda na wewe uko juu yake, unalala mbele, ku shingo, mikono wazi, kamba unaiachilia. Mikono yote inataka kuvuta, sababu mutu mwenye anaanguka anashika. Wewe unaachilia. Ikirudi chini, hauipige, haushuke. Unaituma mbele, palepale, sawa vile hakuna kitu kilipita.

"Na woga, Metrese?" aliuliza Déo siku moja. Ilikuwa kumucheka, Déo alikuwa na ile ulimi.

"Woga unabaki na wewe," akamujibu. "Nani alikuambia utoke?"

Mimi nilikuwa tayari nimemuona ku mufereji. Nikaangalia chini.

Sasa Gilbert. Gilbert alikuwa ananunua mawe ya madini, anauzisha, na kiwanja chetu kilikuwa mu parseli yake, kipande yake ya ardhi. Njo hapa uchungu wangu na Metrese unaanzia. Ule mwanamuke wa kutupa viatu, Gilbert akiingia, alikuwa anageuka mutoto. Sauti inashuka. Ndiyo Bwana Gilbert, vizuri Bwana Gilbert. Mikono nyuma. Sikuelewa. Parseli ni parseli, lakini mutu anaweza kufukuzwa akiwa amesimama.

Ni Gilbert mwenye alileta Polepole, na wakati ilifika haikusimamaka mutu. Ni yeye aliifundisha. Aliona ku telefone picha ya jenerali fulani juu ya farasi yenye imesimama, akataka yake. Akaweka mu kinywa yake chuma nyembamba, kali, akavuta na mikono mbili huku anaipiga na visigino. Mbele imefungwa, nyuma inapigwa. Polepole ilifanya kitu chenye ilibakia nacho: ikapanda juu. Wageni wake wakapiga makofi, wakapiga picha. Kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha misa, wageni wengine na picha zingine. Metrese alikuwa anasimama nyuma ya ukuta, anasikia makofi, anakunja rozari mu vidole mpaka ikakatika. Hakutoka. Namuandika naye kati ya wakosaji, lakini chini kabisa, peke yake.

Siku ya ndoa ya binti ya Gilbert, bwana ule akaamua kuingia mu kiwanja juu ya Polepole, mbele ya bibi-arusi. Muziki ilikuwa nguvu. Déo alishika kamba mufupi, karibu na kidevu, sawa mutu anashika fahali. Wakati farasi ilianza kutetemeka, Gilbert akaogopa, akaruka chini na suti yake nyeupe. Déo akaniita, "Papa Furaha, ning'inia!" Nilikuwa nafahamu kama si vile. Lakini Déo njo alikuwa chef, na mikono yangu ilizaliwa ku ngombe. Tulivuta. Polepole ikapanda, ikapanda, ikapita ile kipimo chenye farasi inajua kurudia. Niliona tumbo yake juu yangu na jua nyuma yake. Nilisikia mufupa mbele ya kusikia maumivu, ukalia sawa kuni kavu.

Gilbert aliuliza nani alifilme na telefone. Njo neno yake ya kwanza. Akapita kwa kila mugeni, anaomba wafute. Kisha akasema ile farasi iuawe.

Metrese alitoka nyuma ya ukuta. Alipiga magoti mu muchanga pembeni yangu, akanishika kichwa, na bila kuinua macho akamuomba Gilbert amupatie mpaka Pasaka. Kuomba tu. Gilbert akasema sawa, mpaka Pasaka, na kama haitapona ataita watu wa nyama.

Nilirudia ku kiwanja na fimbo. Sikuwa na kazi ingine yenye ilitaka mutu wa fimbo. Nilikaa ku ubao, nikaona vile anaifanya. Alitoa ile chuma, akaitupa mu choo. Akaingiza mukono mu kinywa ya Polepole, akatoa kipande ya jino yenye ilivunjika na kubakia mu nyama, imeoza, harufu yake ilifika mpaka kwangu. Akaitengenezea kamba ya kichwa na kitambaa ya kanga kuukuu. Kisha ile kazi ya kusinzisha: muguu wa nyuma, kuume, kushoto. Ikisimama, anaachilia kamba, anangoja pembeni, anaituma mbele. Ilisimama mara mingi, kisha mara chache, kisha nusu tu, sawa mutu anainua mabega.

Kila siku aliniambia nishike kamba. Alisema farasi inatengenezwa na mukono yenye iliivunja. Kama mukono yake tu ndiyo inaizoea, siku atakufa itarudilia. Nilimujibu Gilbert njo alivunja, aite Gilbert. Akakubali kama nina haki. Kesho yake akaniambia tena nishike kamba.

Sikushika. Ikigeuza tu kichwa, jasho ilinitoka mu mugongo. Usiseme juu ya kuzoea. Kuna woga yenye inakaa mu mufupa, na dawa ya hospitali haifike kule.

Pasaka haikufika. Masasi ya bunduki ilifika mbele. Ile siku wote wa Bukavu wanaijua, kila mutu na yake, siwezi kuwaelezea. Mulevi mmoja alianza kuuza sabuni zenye si zake, vyombo vilipita ku barabara juu ya vichwa, na kisha wenye bunduki wengine walikuwa wanasimama kwenye wale wa kwanza walikuwa wanasimama. Gilbert alikuwa amevuka Ruzizi, muto wa mupaka, na motokari zake. Akiwa kule upande ingine, mu usalama, akapigia Déo simu: Polepole ikatwe, nyama iuzishwe, afazali ikufe kuliko wengine waipande. Déo akaleta ile habari kwa Metrese, akasema watu wa kukata watakuja saa sita. Kisha akabeba kiti ya ngozi ku kichwa, akaenda nayo. Kama anasoma hii: Déo, ile kiti tuliiona ku soko.

Metrese alikuja kwangu kwa miguu. Alisimama ku mulango, hakuingia. Kulikuwa masista wenye walikuwa na shamba na uzio Mumosho, walikubali kuificha. Yeye hangeweza peke yake, ile njia ilitaka watu wawili. Nikamuambia kiuno yangu haiwezi kutembea mpaka Mumosho, na ilikuwa kweli, nilifurahi vile ilikuwa kweli.

"Najua," akasema. "Utaipanda."

Bibi yangu alianza kulia pale pale. Alimuambia Metrese, kwa heshima yote, Maman, huyu alisha kufa mara moja. Metrese alimujibu kwa Mashi. Ni mara ya kwanza nilimusikia anasemesha mutu Mashi. Sitaandika alisema nini, lakini bibi yangu alipanguza macho, akaenda kunitafutia suruali ya nguvu.

Ku kiwanja, yeye na Metrese walinipandisha kutoka ku ukuta ya mawe. Hakukuwa kiti, mugongo tu, na joto yake ilipita mu suruali. Metrese alishika kamba mulefu, akanipatia ncha yake mu mikono, akatembea ku bega. Tulipanda mutaa wa Nyawera, tukapita ule wa Essence, watu wanatuangalia sawa tumetoka mu ndoto yao. Maduka yamefungwa. Mama mmoja wa mukaa alituuliza kama tunaenda ku ndoa. Metrese alimujibu ndiyo, na bwana-arusi njo huyu anatetemeka. Ule mama alicheka mpaka akaweka mufuko chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza mugongo chini yangu, kila fundo.

Nyuma ya mutaa wa Panzi kulikuwa bariere: kamba mu njia, na watu wa bunduki ku kivuli. Mmoja akatoka, mutu muzima, amechoka, macho nyekundu. Akauliza hii munyama ni ya nani. Metrese akasema ni ya masista, chef, tunaipeleka ku shamba. Ule mutu alisogea moja kwa moja mbele ya farasi. Akashika kamba ya kichwa, chini ya kidevu, na mukono yote, akavuta chini. Sawa sisi. Sawa kabisa vile sisi tulifanyaka.

Nilisikia mugongo inafupika. Mbele ya mutu yeyote kuona kitu, mimi nilijua. Shingo ikaja kwa uso yangu, ardhi ikaenda, na nikaona kwa juu kofia ya ule mutu na mudomo wa bunduki unazunguka. Mikono yangu ilitaka kuvuta. Naapa, kila kidole. Nililala ku shingo, nikafungua mikono, nikafunga macho.

Sauti ya Metrese ilitoka chini, ya pole, sawa anaomba chumvi kwa jirani.

"Chef. Acha kichwa. Itakuangukia."

Sijui kama aliacha juu ya kuelewa ao juu ya woga. Aliacha. Miguu ya mbele ikarudi chini, mufupa wangu ukapiga kelele, na Metrese tayari alikuwa ametoa ule mulio ya ulimi wa kuituma mbele. Polepole ikatembea. Iliruka ile kamba ya bariere sawa inaruka kijito. Tukaenda. Mugongo wangu yote ilikuwa sikio moja, inangoja. Nyuma kulikuwa kimya, kisha mutu akacheka, kisha wengi wakacheka, wanamucheka mwenzao. Hawakupiga. Metrese hakugeuka. Alikuwa anasema Salamu Maria, lakini alikuwa anarudilia tu sehemu ya mwisho, ile ya saa ya kufa kwetu.

Mumosho, masista walitufungulia mulango ya uzio. Metrese alinishusha yeye mwenyewe, akanikalisha ku jiwe. Akatoa kamba ku kichwa ya Polepole, na Polepole ikaenda kula sawa kitu hakikupita. Nilikuwa bado natafuta pumzi wakati telefone yake ililia mu mufuko ya jaketi. Akaangalia jina, na nikaona uso yake inashuka, ile uso ya Ndiyo Bwana Gilbert.

Alininyooshea telefone.

"Jibu wewe, Papa Furaha. Mimi namuogopa."

Nilijibu. Gilbert aliuliza ni nani. Nikasema ni mimi mwenye aliangukiwa. Akauliza kama ile farasi imekufa, juu Déo anasema watu walikuta kiwanja tupu, na kama mutu amemuibia, ajue yeye sasa ako na marafiki mu pande zote, hata kwa hawa wapya.

"Gilbert," nikasema, "farasi iko hapa, inakula majani. Kuja uishike wewe mwenyewe."

Nikakata.

Metrese alichukua telefone, akaizima. Alikaa kidogo pembeni yangu ku jiwe, karibu, vile hakukaaka na mutu wa kazi.

"Ulimuita Gilbert tu, bila Bwana?"

"Gilbert tu."

Alitingisha kichwa. Mbali, ku njia ya Panzi, pikipiki ilikuwa inapanda mulima, na sisi wawili tukaisikiliza mpaka ikapita. Alisimama, akanipatia fimbo yangu.

"Basi kuja," akasema. "Tufunge mulango."